Wajumbe wa Kinga na Neva Iliyokatika



Tarehe 25 Aprili mwaka 1903 tabibu mmoja wa Kiingereza, Henry Head kwa jina, mtu wa miaka 41, mwenye siha kamili na asiye na ugonjwa wowote wa kumlazimisha, alijilaza mbele ya wapasuaji rafiki zake akawataka wamkate neva mbili za ngozi karibu na kiwiko cha mkono wa kushoto, kisha waziunganishe ncha zake kwa uzi mwembamba wa hariri na kulifunga jeraha. Alikuwa amekwisha kuwauliza wagonjwa wengi wa London habari za ganzi na maumivu yao, na aghalabu alirudi na majibu yasiyomtosheleza, kwa kuwa mgonjwa anayeumwa hana subira ya kupambanua hisi moja na nyingine. Basi akaazimia kuwa yeye mwenyewe mgonjwa na mdadisi kwa pamoja. Kwa muda wa miaka minne iliyofuata alisafiri mara kwa mara kwenda Cambridge, katika vyumba vya sahibu yake W. H. R. Rivers kwenye Chuo cha St John's, akakaa amefumba macho huku Rivers akimchoma pini, akimpapasa kwa pamba, akimwekea vitu vya moto na vya baridi, na kuliandika kila jibu. Habari zao zilichapishwa mwaka 1908 katika jarida la Brain, na zinasomwa hata leo.

Waliyoyaona yalikuwa ya ajabu. Uchungu wa pini, na hisi ya joto kali na baridi kali, vilirejea mapema, tena vikali kupita kiasi na visivyojua mahali pake hasa. Mguso mwembamba, ule unaotuwezesha kuujua unyoya na kuutofautisha na uzi, ulikawia mno. Head akajenga juu ya hayo nadharia kubwa ya aina mbili za hisi, nayo haikuchukua muda kabla ya wenzake kuitilia shaka, wala mimi sikuja kuitetea. Nimeitaja habari yake kwa sababu inatuonyesha jambo ambalo watu wa zama zile hawakuwa na zana za kuliuliza. Neva ilikatwa, kisha neva ikaota tena. Lakini ni nani aliyeyaondoa mabaki ya ile iliyokufa, ni nani aliyemwita mwondoaji huyo, na ni kwa amri gani alikoma kazi yake ilipokwisha? Majibu ya maswali hayo yamepatikana kwa sehemu kubwa katika miaka arobaini na zaidi hivi iliyopita, na yametoka pahali ambapo wataalamu wa ubongo hawakuzoea kupatazama, yaani katika elimu ya kinga ya mwili.

Lakini hatuna budi kuanza na vyura. Mwaka 1850, zaidi ya nusu karne kabla ya Head, tabibu mwingine wa London, Augustus Waller, alipeleka mbele ya Royal Society risala juu ya neva za ulimi wa chura. Ulimi wa chura ni mwembamba hata nuru hupenya, na mtu akiutandaza chini ya hadubini huziona neva zake wazi. Waller alizikata neva hizo, akangoja, akatazama siku baada ya siku. Aliona kuwa kipande kilichobaki upande wa ubongo hudumu, ilhali kile kilichotengwa nao huanza kumomonyoka, uzi wake ukikatikakatika na ala yake ya mafuta, ile tuiitayo mayelini, ikijikusanya matone matone, hata baada ya siku chache hapana neva tena bali kifusi. Akakata shauri kwamba uzi wa neva hupata riziki yake kutoka kwenye mwili wa seli ulioko mbali, na ukitengwa nao hufa. Kwa miaka mia moja na thelathini na zaidi kauli hiyo ilichukuliwa kuwa ndiyo mwisho wa maneno: uzi umekosa chakula, uzi umekufa, na yanayobaki ni mazishi.

Kilichotikisa itikadi hiyo ni vipanya. Katika miaka ya 1980, huko Oxford, Hugh Perry, Michael Brown na Siamon Gordon walikuwa wakichunguza namna seli walafi za damu, makrofaji, zinavyoingia katika neva iliyojeruhiwa, wakakutana na ukoo wa vipanya ambao neva zao, zikikatwa, hazifi kwa wakati wake. Mwaka 1989 waliitangaza habari hiyo: nyuzi ambazo katika kipanya wa kawaida huvunjika kwa siku moja au mbili, katika hawa ziliendelea kuwa nzima, na hata kupitisha umeme wake, kwa wiki mbili na zaidi. Kwanza walidhani kwamba kasoro imo katika makrofaji waliochelewa kufika. Baadaye ikathibitika kwamba kasoro, au tuseme hidaya, imo ndani ya uzi wenyewe, na kwamba makrofaji walichelewa kwa sababu hawakuitwa. Tukajifunza mambo mawili makubwa kwa mpigo. La kwanza, uzi wa neva haufi kwa njaa tu, bali hujiua kwa mpango uliokwisha kuandikwa ndani yake; mwaka 2012 ilijulikana protini moja, SARM1, ambayo uzi ukikatwa huamka na kuiteketeza akiba ya dutu inayouwezesha kupata nguvu. La pili, na ndilo linalotuhusu zaidi, neva za hisi za vipanya hao, ambazo mtu angetazamia zipone upesi kwa kuwa hazikuharibika, zilichelewa kuota tena. Kuharibika kwake kwa wakati kumbe kulikuwa sehemu ya kupona kwake.

Hapo ndipo wanapoingia wajumbe niliowataja katika anwani ya mhadhara huu. Seli za kinga haziongozwi na mkuu mmoja anayekaa mahali pamoja. Huongozana kwa protini ndogondogo ambazo seli moja huzimwaga na nyingine huzipokea kwa vipokezi vilivyo juu ya ngozi yake, na kila protini ikimgusa mpokeaji wake humbadilisha tabia: humwamuru agawanyike, ahame, ale, anyamaze, au afe. Wataalamu huziita saitokini. Baadhi yake zimepewa majina ya intalukini na namba, kwa kufuata mpangilio wa kuvumbuliwa zaidi kuliko wa kazi; nyingine zimebaki na majina ya ajali ya historia, na mashuhuri katika hizo ni TNF, iliyoitwa hivyo huko New York mwaka 1975 kwa sababu ilionekana ikiua vivimbe vya saratani katika vipanya. Jina hilo limewapoteza watu wengi. Aliyelisikia hudhani kuwa amepata dawa ya saratani, na aliyeijua zaidi huiogopa kwa kuwa ndiyo hiyo hiyo inayoidhoofisha na kuiangusha miili iliyopatwa na maambukizo makali. Katika neva iliyokatika huonekana nyuso zake zote mbili, na nyingine ambazo hazikutazamiwa.

Neva imekatwa, basi, tuseme katika paja la panya. Kuuzunguka kila uzi kumejipanga seli zilizoelezwa na Theodor Schwann mwaka 1839, na ambazo hadi leo huitwa kwa jina lake. Ndizo zilizoifuma ala ya mayelini na kuishi nayo maisha yao yote. Wao ndio wa kwanza kujua kwamba jirani yao amekufa. Wataalamu wa Jerusalem walioipima neva ya namna hiyo saa baada ya saa walikuta kwamba kabla ya saa kumi kutimia tangu mkato, seli za Schwann zimekwisha kuanza kutoa TNF na intalukini-1, na wala hakuna askari yeyote wa damu aliyekwisha kufika. Yaani mbiu haikupigwa na jeshi. Ilipigwa na wenyeji. Na seli hizo, ambazo jana zilikuwa fundi mtulivu wa kufuma ala, sasa huivua kazi hiyo, hurudi katika hali inayokaribiana na ya utoto wake, huanza kuivunja mayelini iliyo ndani yake zenyewe, na kumimina wajumbe wengine, miongoni mwao CCL2, ambayo kazi yake kubwa ni kuyaita makrofaji kutoka katika damu, pamoja na LIF na intalukini-6, ambazo nitazirudia kwa kuwa zina safari ndefu zaidi.

Makrofaji huanza kuingia kwa wingi katika siku ya pili na ya tatu, na huendelea kuzidi hata wiki ya kwanza na zaidi. Hula. Kifusi cha mayelini, ambacho ndani yake kuna protini zinazowazuia nyuzi changa kukua, humezwa na kuyeyushwa, na njia hubaki tupu. Fundi wa majahazi wa Lamu hapigilii ubao mpya juu ya uliooza. Hung'oa kwanza, na anayepita kando akiiona merikebu imefunuliwa mbavu hudhani inavunjwa. Mwaka 2008 wataalamu waliowanyima vipanya seli hizi za damu baada ya kuwajeruhi neva waliona kwamba uponaji ulirudi nyuma dhahiri. Na si usafi tu. Huko Ujerumani mwaka 1987, Dan Lindholm, Rolf Heumann na wenzao katika maabara ya Hans Thoenen walionyesha kwamba intalukini-1 itokayo kwa makrofaji huziamrisha seli nyingine za neva kutengeneza NGF, ile protini ya kukuza neva ambayo Rita Levi-Montalcini aliivumbua katika miaka ya 1950 na ambayo mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa imempatia yeye na Stanley Cohen Tuzo ya Nobel. Mjumbe wa vita, kwa hiyo, alikuwa pia mjumbe wa malezi. Sijui kama kuna ugunduzi katika mlango huu uliowashangaza watu wa fani zote mbili kwa kiasi hicho, maana wa kinga hawakuzoea kuyaona makrofaji yakilea, na wa neva hawakuzoea kuyaona kabisa.

Tena pale penye pengo kati ya ncha mbili, ambapo hapana hewa ya kutosha kwa kuwa hapana mishipa ya damu, makrofaji huihisi dhiki hiyo na kutoa dutu inayoiita mishipa ya damu iote. Seli za Schwann huifuata mishipa hiyo, zikajipanga safu, na nyuzi changa hupita juu ya safu hizo kuelekea zilikotoka zamani. Haya yalithibitishwa mwaka 2015. Baadaye kidogo sauti za wajumbe hubadilika; intalukini-10 na jamaa zake huzidi, TNF hupungua, makrofaji hubadili tabia kutoka ulaji kwenda ujenzi, kisha huondoka. Uzi huota kwa mwendo wa takriban milimita moja kwa siku kwa mwanadamu, hata aliyekatwa neva karibu na kiwiko hungoja mwaka na zaidi kabla ya kidole kupata habari. Na kungoja huko kuna hatari yake, kwani seli za Schwann zisizofikiwa na uzi mpya kwa miezi mingi huchoka, hupungua, na wajumbe wao hunyamaza.

Nimeeleza neva za mikono na miguu. Katika ubongo na uti wa mgongo hali ni nyingine kabisa, na ndiyo sababu aliyevunjika kiwiko hutumaini na aliyevunjika shingo huogopa. Santiago Ramón y Cajal, Mhispania aliyeishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1906, aliona kwamba nyuzi za uti wa mgongo zilizokatwa hujaribu kuota, kisha hukata tamaa. Mwanafunzi wake Francisco Tello akaonyesha kwamba nyuzi za ubongo zikipewa kipande cha neva ya mguu huingia ndani yake, na mwaka 1981 Sam David na Albert Aguayo, huko Montreal, wakalithibitisha jambo hilo pasina shaka. Ajizi, basi, haikuwa ya nyuzi peke yake bali pia ya mahali. Na katika mahali hapo upungufu mmojawapo ni wa wajumbe: walinzi wa kienyeji wa ubongo, maikroglia, ambao Pío del Río Hortega aliwaeleza mwaka 1919, huamka, lakini uondoaji wa kifusi huenda kwa uvivu mkubwa. Katika neva ya paja mayelini mbovu huondoka kwa wiki kadhaa. Katika uti wa mgongo wa binadamu imekutwa ingaliko miaka baada ya ajali.

Sasa nizirudie intalukini-6 na LIF. Mwaka 1984 P. M. Richardson na V. M. K. Issa walitangaza kwamba neva ya hisi ikijeruhiwa kwanza katika tawi lake la mguuni, tawi la pili la seli ile ile, linalopanda ndani ya uti wa mgongo na ambalo kwa kawaida haliponi, hupata nguvu ya kuota. Jeraha la mguu lilikuwa limeipelekea habari seli mama iliyoko kando ya uti wa mgongo, na seli hiyo ikafungua vitabu vyake vya ukuaji. Miongoni mwa wapeleka habari hao ni jamaa hii ya intalukini-6, inayoiwasha ndani ya seli protini iitwayo STAT3. Vipanya waliozaliwa bila intalukini-6 hawakupata faida hiyo. Hata Richardson, pamoja na mwenzake, alionyesha baadaye kwamba kuuchochea uvimbe wa moto karibu na seli mama tu, pasipo kulijeruhi tawi la mguuni, huongeza uotaji. Zaidi ya hapo: mwaka 2000 ilionekana kwamba lenzi ya jicho la panya ikijeruhiwa, na makrofaji yakamiminika ndani ya jicho, neva ya kuona iliyopondwa huota tena kwa kiasi ambacho hakikuwa kikitarajiwa. Mtu angeliyasema haya katika darasa la utabibu zamani, kwamba uvimbe hurudisha neva, angeulizwa kama ana homa.

Lakini nisiwape picha ya upande mmoja. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani tabibu Silas Weir Mitchell, aliyewatunza askari wenye neva zilizopigwa risasi katika hospitali ya Turner's Lane huko Philadelphia, alieleza maumivu ya kuungua ambayo hayakukoma jeraha lilipofunga, maumivu yaliyowafanya wanaume mashujaa wafunge mkono kwa kitambaa cha maji na kulia mtu akipiga hatua nzito chumbani. Leo tunajua kuwa sehemu ya mateso ya namna hiyo hufanywa na wajumbe wale wale wajenzi wanapozidi, au wanapokaa pasipo mahali pao. Mwaka 1996 Rochelle Wagner na Robert Myers, huko California, walidunga TNF ndani ya neva nzima ya panya, bila kuikata, na panya akaanza kuuondoa mguu wake kwa mguso uliokuwa haumuumizi. Ndani ya uti wa mgongo nako, neva iliyojeruhiwa pembeni huwaamsha maikroglia. Nao hutoa dutu inayobadilisha mizani ya chumvi katika seli zinazopokea maumivu, hata ishara iliyokuwa ikizizuia seli hizo ikawa inazichochea. Jambo hilo lilielezwa mwaka 2005, na kwa muda wa miaka kumi ilidhaniwa ni sheria ya viumbe wote, mpaka mwaka 2015 maabara ya Jeffrey Mogil huko Montreal ilipoonyesha kwamba katika vipanya wa kike maikroglia si wahusika wa lazima, na seli nyingine za kinga hushika nafasi yao. Miaka mingi wataalamu walikuwa wamewapima madume peke yao. Natamani kila mwanafunzi wa sayansi aliye hapa alihifadhi hilo kuliko jina lolote la protini nililolitaja.

Kutokana na hayo ilikuwa rahisi kudhani kuwa dawa imepatikana: mzuie TNF, na maumivu yatakoma na neva itasalimika. Dawa za kuzuia TNF zipo, nazo zimewasaidia mno wagonjwa wa baridi yabisi ya viungo. Walipozijaribu Wafini kwa watu wenye maumivu ya mguu yatokanayo na diski ya mgongo kuibana neva, matokeo yaliyotolewa mwaka 2005 hayakuonyesha nafuu kuliko ile ya maji ya chumvi. Balaa kubwa zaidi lilipatikana katika ugonjwa unaoharibu mayelini ya ubongo na uti wa mgongo, ule wa skilirosisi. Ilionekana katika vipanya kwamba TNF ndiyo mharibifu, wagonjwa wakapewa dawa ya kuizuia, na mwaka 1999 ikatangazwa kuwa waliopewa walizidi kupatwa na mashambulizi. Baadaye ikabainika kwamba TNF ina vipokezi viwili, na kwamba kupitia kile cha pili huzisaidia seli zinazoifuma mayelini upya. Kadhalika dawa ya jamii ya kotizoni, ambayo tangu mwaka 1990 iliwekwa kuwa karibu faradhi kwa kila aliyevunjika uti wa mgongo akafikishwa hospitali ndani ya saa nane, mwaka 2013 wapasuaji wa neva wa Marekani waliandika katika miongozo yao kwamba haipendekezwi, kwa kuwa faida yake haikuthibitika na madhara yake yalithibitika. Kauli yangu, na ninaisema kama mtu aliyesoma na kupima, ni kwamba anayemhukumu mjumbe wa kinga kwa jina lake pasipo kuuliza amefika saa ngapi, mahali gani, na kwa kipokezi kipi, hajasema lolote la kumfaa mgonjwa.

Umebaki ugonjwa mmoja ambao unatuhusu sisi watu wa Afrika ya Mashariki moja kwa moja, na ambao ndani yake haya yote huonekana bila ya panya. Ukoma, ambao wazee wa pwani waliuita jedhamu, husababishwa na bakteria aliyevumbuliwa na Armauer Hansen mjini Bergen mwaka 1873, na bakteria huyo ana mapenzi ya pekee na seli za Schwann. Huingia ndani yake na kukaa miaka, akiongezeka polepole, hasa katika sehemu za mwili zenye ubaridi, ambapo neva hupita karibu na ngozi, kama nyuma ya kiwiko na kando ya goti. Muda ambao kinga haijamtambua, madhara ni kidogo. Kinga inapozinduka, na aghalabu huzinduka katika miezi ile ile ambayo mgonjwa ameanza kunywa dawa na kudhani amekwisha kupona, seli za kinga huivamia neva, TNF na intaferoni-gama humwagika, neva huvimba ndani ya ganda lake lisilotanuka, na mkono uliokuwa ukishika jembe Jumatatu huweza kushindwa kufunga kifungo cha shati kabla ya wiki kwisha. Hospitali za Alupe upande wa Kenya na Buluba upande wa Uganda zimeijua hali hiyo kwa vizazi, kabla ya yeyote kuzipa protini hizo majina.

Hapa, minghairi ya uti wa mgongo, kuwanyamazisha wajumbe ni haki na wajibu. Prednisoloni ikitolewa mapema huirudishia neva nguvu zake kwa wagonjwa wengi. Ikitolewa baada ya udhaifu kukaa miezi sita na zaidi, matumaini hupungua sana, na dawa za kuua bakteria zenyewe haziachwi wakati huo. Iko pia namna ya pili ya mchafuko wa ukoma, yenye homa na vinundu vyekundu vya ngozi, na historia ya tiba yake ni ya kushangaza: Jacob Sheskin, tabibu wa Jerusalem, aliwapa wagonjwa waliokosa usingizi vidonge vya talidomaidi, dawa iliyokwisha kuondolewa madukani kwa kuwa iliwafanya watoto wazaliwe bila mikono na miguu, akaona vinundu na maumivu vinayeyuka kwa siku chache, akaitangaza habari hiyo mwaka 1965. Ilichukua hadi mwaka 1991 kwa wataalamu wa New York kuonyesha kwamba dawa hiyo huipunguza TNF. Mwanamke anayeweza kushika mimba asiiguse bila ulinzi mkali wa tabibu, maana madhara yake hayakupungua kwa sababu tumeijua faida yake.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa wauguzi na matabibu wa zahanati, ambao ndio wa kwanza kumwona mgonjwa kabla ya mtaalamu yeyote. Mgonjwa wa ukoma anaporudi kuchukua vidonge vyake vya mwezi, msimpe akaenda. Mwambieni akaze kope, anyanyue kidole gumba, akaze kidole cha mwisho, ainue kifundo cha mguu, kisha mguseni viganja na nyayo kwa ncha ya kalamu ya wino huku amefumba macho, na myaandike majibu yake ili mwezi ujao mpate kulinganisha. Mkiona pungufu jipya, mpelekeni siku hiyo hiyo panapotolewa prednisoloni. Na wewe msikilizaji mwenye baka lisilohisi pini wala joto, nenda ukaonyeshe sasa; dawa za ukoma hutolewa bila malipo.